Baba wa Kitabuni Hana Kigugumizi

Mpendwa Baba Kaneza,

Mtoto wako amemtoa mama yako jikoni mbio, sasa hivi tu, hata jasho halijamkauka. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kwenye kile kiti kidogo ulichomtumia, kitabu magotini, anasoma kwa sauti. Akafika penye jina lake, limekatika mwisho wa mstari, akakwama. "Ka... Ka... Ka..." Mama yako, Mabukwe wangu, alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akapita mbele yangu na ile miguu yake ya kuuma, akafungua mlango wa barabarani, akatoa kichwa nje.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Mutoto wangu iko wapi? Nimemusikia!"

"Ni Kaneza, Mama. Anasoma."

Akaangalia barabara huku, akaangalia kule, kama vile labda nimemficha. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Huyu mutoto ameiba sauti ya baba yake!" Na Kaneza naye, hajui anachekwa nini, akaendelea kule nyuma: "Ka... ne... za!" Kalimaliza jina lake kwa kishindo kama mtu aliyeshusha mzigo.

Ugali umeungua chini. Tutaula hivyo hivyo. Mimi nimechukua biki na kaye ya kuandikia, nimekaa kukuandikia, maana Mama Zuena jirani yetu anapanda boti ya Kigoma leo, na nilikuwa nimekwisha mwambia sina barua. Nilikuwa nimekasirika. Sasa kicheko cha mama yako kimenitoa hasira yote.

Unajua nilichokasirikia. Juzi Mama Zuena aliporudi na magunia yake ya chumvi, nilimkimbilia kabla hajakaa. Nilijua analeta siku. Siku ya wewe kuja. Nilikuwa nimekwisha kufua shuka. Yeye akafungua kilemba chake polepole, akajipepea nacho.

"Mama Kaneza, mume wako amekataa kuja."

"Amekataa namna gani?"

"Amekataa na kitabu mukononi."

Akanieleza. Kwamba ulikisoma kile kitabu nilichokutumia, ukakisoma mara ya pili, ukakiweka juu ya meza yako ya randa, ukasema: huyu mwanaume wa kitabuni mi simujui. Mutoto anamusubiri huyu. Mi nikifika nikifungua kinywa, atanicheka. Bora nibaki baba wa barua.

"Alisema yote hayo?" nikamwuliza.

"Ilichukua muda," akasema Mama Zuena. "Chai yangu ilipoa. Lakini alisema."

Baba Kaneza, nilishona vitabu viwili, kimoja cha mtoto, na hicho chako nilikituma ili ukione ufurahi. Kumbe nimekufungia mlango kwa mkono wangu. Basi ngoja nikueleze kilivyozaliwa, halafu uhukumu.

Unajua Madamu ninayemfulia nguo kule mjini ana mtoto wa kiume, anaitwa Tomasi. Siku moja nikaona kitabu chake, picha zenye rangi, na kila ukurasa ni Tomasi. Tomasi amepanda tembo. Tomasi amekutana na mfalme. Nikashangaa, nikasema moyoni, kumbe kule kwao kuna Tomasi mwingine mkubwa sana mpaka wanamwandikia kitabu. Madamu akacheka. Akanieleza kwamba ni huyu huyu Tomasi wa hapa, anayelala na chupa ya maziwa. Unatuma jina la mtoto, wao wana mashine, inaliweka jina ndani ya hadithi. Akiwa Maria, anapanda tembo Maria.

Siku hizo Kaneza ndiyo kwanza ameanza shule. Na shule ilikuwa haimwingii. Kila nikimwuliza leo mmesoma nini, ananuna. Mwishowe akaniambia, "Mama, kile kitabu cha shule hakinijui." Nikamwuliza kimjue kwa nini. Akasema, "Kinajua watoto wengine tu."

Mimi shule niliiacha mwaka wa nne, unajua, risasi ndizo zilizotutoa darasani, na mwalimu wetu hakurudi. Lakini neno lile la mtoto nililielewa. Nikajiambia: mashine sina, mkono ninao. Nikaomba kwa wajenzi mifuko ya saruji, nikachana zile karatasi za ndani ambazo saruji haikuzigusa, nikakata, nikashona kwa uzi wa magunia. Nikachora kwa biki. Unisamehe kichwa chako, nimekichora kikubwa, lakini masikio ni yako kabisa, hata mama yako amekubali. Kiboko ndiye aliyenishinda. Kwanza alitoka kama kitanda. Nikamwongezea meno, akawa kitanda chenye meno.

Ndiyo hadithi yenyewe: kiboko ametoka ziwani, amepanda mpaka mtaani kwetu Bwiza, ameingia uani kwa Kaneza, anataka kula mchicha wa bibi. Kaneza anamwita baba yake. Baba anatoka na randa mkononi anasema: "Ndugu kiboko, tafadhali rudi ziwani. Hapa ni kwa Kaneza." Kiboko anaomba radhi, anarudi.

Ungemwona mtoto siku ya kwanza. Nilimwonyesha tu jina lake, nikamwambia hii ni wewe. Akaweka kidole juu ya jina, akakitoa, akachungulia kama limebaki. Kisha akalitafuta ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayetafuta kuku wake kwa majirani. "Hii mimi! Na hii mimi!" Akafika penye neno "kanga" akasema "Na hii mimi," nikamwambia hapana, hiyo ni nguo ya bibi. Akakasirika. "Kwa nini imechukua Ka yangu?"

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Kwa kudai Ka yake.

Sasa, kwa nini nilikuandika unaongea kama mtangazaji wa redio? Hilo ndilo umeniuliza bila kuniuliza.

Siyo kwamba niliona haya. Wewe na mimi tunajua tulikoanzia. Ulikuja kwetu kutengeneza mlango wa baba, siku tatu unapiga misumari unaniangalia, na siku ya tatu ukanisimamia mbele: "Na-na-na-na..." Mimi nikaona unateseka, nikakuhurumia, nikasema, "Nimekubali." Na wewe ukamaliza: "...naomba maji." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ulipokwisha kunywa ulisema na lile nililolikubali mapema, ukasema umefurahi kwamba nimekupunguzia kazi. Mpaka leo mama yangu hajui kwamba niliposwa na mtu mwenye kiu.

Na siku ya kumtoa Kaneza nje, kumpa jina. Umekumbuka? Watu wamejaa uani, pombe ya ndizi iko tayari, hakuna anayekunywa mpaka baba wa mtoto aseme jina. Ukasimama. "Ka... Ka..."

"Kamikazi!" akapiga kelele mjomba wako. Ukatikisa kichwa.

"Kankindi!" Ukatikisa.

"Ni Kabura?" akasema mwingine. "Lakini si ni mutoto wa kike?"

Wakaanza kushindana, kila mmoja analeta Ka yake kama wako sokoni, mpaka mama yako akasimama na kibuyu. "Munyamaze! Mumuache afike mwenyewe!" Wakanyamaza. Na wewe ukafika. Kaneza. Uwanja mzima ukapiga vigelegele, nadhani hakuna mtoto wa Bujumbura aliyepokewa na furaha ile, maana watu walikuwa wamelingoja jina, na kiu nayo ilikuwa imewabana.

Nilikuuliza baadaye, majina yote yaliyopo duniani, kwa nini umechagua la Ka na unajua Ka ni adui yako. Ukanijibu polepole kwamba jina la mtoto utaliita kila siku, na ukilizoea hilo hakuna neno litakalokushinda tena. Ulimwita kila siku kweli. Mwaka mmoja na miezi sita ulimwita, akiwa hata hajui ni yeye anayeitwa.

Halafu ikaja ile safari ya kutoka Ruziba.

Hatujawahi kuizungumza. Nitaiandika mara moja, kisha tuiache. Tulikuwa tumetoka kumwona Mabukwe, wakati ule bado anakaa kule, mimi nimembeba Kaneza mgongoni, wewe umebeba mihogo. Vijana wenye bunduki wamelaza magogo barabarani, gari limesimama, tumeteremshwa wote. Kila mtu ataje jina lake. Wakafika kwako. Jina lako mwenyewe, la kuzaliwa nalo, likakataa kutoka. Midomo yako inatetemeka, macho yamefumba, na mmoja wao akasema, "Huyu anatafuta la uongo." Akakuvuta kando ya barabara, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anarudi.

Mama yangu alinilea kwamba mke hamtaji mume wake kwa jina. Tangu umenioa nimekuita wewe, halafu nikakuita Baba Kaneza, na jina lako nilikuwa nalo kama kitu cha kabatini. Siku ile nililitamka. Nililipiga kelele pale barabarani, la kuzaliwa na la ubatizo, nikalirudia, nikalirudia, mihogo imemwagika, Kaneza analia mgongoni. Wakatuangalia. Mmoja akacheka: "Kumbe mdomo wa huyu ni mke wake." Wakakurudisha kwangu.

Siku tatu hukusema neno. Ya nne ukaniambia kwamba safari nyingine mimi huenda nisiwe nyuma yako, ukavuka ziwa. Sikukuzuia. Nilijua una haki. Katika mji ambao mtu anaulizwa jina na bunduki, wewe hukuwa na pa kukaa.

Basi, nilipokaa na biki yangu na karatasi za saruji, nikafika mahali ambapo baba wa kitabuni lazima aseme neno. Nikaiona ile barabara. Mkono wangu ukakataa. Nikasema, hata kitabuni asikwame. Hapa mwenye kuandika ni mimi, hapa hakuna atakayemvuta kando. Nikakupa maneno laini kama mafuta ya mawese. Sikuwaza kwamba utakisoma wewe na kudhani nimekutafutia mwanaume mwingine.

Na barua zako nazo zimenisaidia kudanganya. Kwenye karatasi hukwami. Ninamsomea Kaneza barua zako bila kusimama popote, na yeye anadhani ndivyo unavyoongea.

Alivyoondoka Mama Zuena juzi, nilimwita mtoto. Nikasema liwe litakalokuwa. Nikamketisha.

"Kaneza, baba yako maneno yanamkwama."

"Yanamukwama wapi?"

"Kinywani."

Akafikiri. "Kama mimi kwenye kitabu?"

"Kama wewe kwenye kitabu."

"Lakini yeye ni mukubwa."

"Ndiyo, ni mkubwa."

Akafikiri tena, anavuta uzi wa gauni lake. Halafu akasema, kama mtu anayenieleza mimi mjinga, "Basi yeye anasoma maneno makubwa."

Hakucheka. Aliniuliza tu nani anakusaidia huko Kigoma ukikwama. Nikamwambia bibi anasema usisaidiwe, usubiriwe. Akasema mwalimu wake naye anasubiri, ila kuna msichana anaitwa Odete anapenda kumalizia wenzake maneno, na hakuna anayempenda.

Tukakaa tukaandika upya ule ukurasa. Yeye ndiye aliyenielekeza. Sasa kiboko ameingia uani, baba ametoka na randa, anasema: "Nd-nd-nd-ndugu ki-ki-ki-kiboko..." Na kiboko, ambaye alikuwa amefungua kinywa ale mchicha, anataka kujua neno litaishia wapi. Anasubiri. Anasubiri. Anafunga kinywa. Anakaa chini. Anasinzia. Baba anapofika kwenye "tafadhali", kiboko amelala fofofo, na wanamfunga kamba wanamrudisha ziwani watu kumi. Mabukwe alipotusikia akadai na yeye awekwe kwenye wale watu kumi. Nimemchora, ana kibuyu.

Na sikiliza jambo hili. Kaneza anaposoma ukurasa wote anakwama, ila akifika kwenye maneno yako hakwami. Nimeandika ki tatu, anasoma ki tatu, anateleza tu. Akaniangalia: "Mama, hapa pa Baba ndipo rahisi. Ongeza Baba." Nimekuongeza. Sasa una kurasa sita.

Jana aliwasomea watoto wa jirani pale uani. Walikuwa saba au nane, wamejaa mpaka mlangoni. Walicheka mpaka wakaanguka, Baba Kaneza, ndiyo, sikufichi, walicheka. Walimcheka kiboko. Kijana wa Mama Zuena akawa anajifanya kiboko anasinzia, wengine wakawa wewe, wanagombana nani awe wewe. Halafu mmoja akamwuliza Kaneza baba yake yuko wapi. Akajibu, "Anakuja. Anakuja polepole, lakini anakuja."

Mimi nikaingia ndani nikajifanya ninatafuta chumvi.

Nakala ya ule ukurasa mpya nimeikunja humu ndani ya barua. Ule wa zamani uchane, au funga nao misumari. Huyu wa ukurasa mpya ndiye ninayemjua, na ndiye mtoto anayemsubiri, usimtafute mwingine.

Na mahali pale kwenye njia ya Ruziba, nilipita wiki iliyopita. Magogo yameondolewa. Amekaa mama mmoja na karai yake, anauza mandazi. Nikasimama kwa mazoea. Yule mama hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Ya moto ama ya baridi?" Nikala ya moto pale pale nimesimama, peke yangu, kwa ajili yako na mimi. Watu bado wanasema tusiamini haraka, na kweli usiku mwingine bado kunasikika kitu kule milimani. Lakini mabati yanapigiliwa, Baba Kaneza. Kila karitiye, kila mtaa, unasikia nyundo. Watu wanataka milango, wanataka vitanda, na wewe uko ng'ambo unawatengenezea wengine.

Njoo. Sikuandikii kukusukuma. Boti ziko, Mama Zuena anajua ya wiki ijayo inaondoka siku gani, muulize yeye, usijifanye hukumwona. Mama yako amezeeka kuliko unavyofikiri. Mimi niko vilevile, ila nimejua kuchora masikio yako bila kukuangalia, na hiyo ni kazi nisiyoitaka tena. Ukae salama, uvuke salama, Mungu akuwekee mkono mgongoni.

Mimi ambaye nilikubali kabla hujamaliza,
Mama Kaneza.

Nilikuwa nimekwisha kunja, Kaneza kanifungulisha. Anasema nimesahau lake. Anataka ujue kwamba bandarini hatakuita Baba. Anasema pale bandarini kina baba ni wengi, akiita Baba watageuka wote, na yeye anamtaka mmoja. Akanidai jina lako. Unajua mimi siwezi kulitamka hivi hivi, mama yako amekaa hapo mlangoni, basi nimeliandika kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, nikampa. Tangu hapo anazunguka uani analifanyia mazoezi. Ni jina refu, Baba Kaneza, mama yako hakumhurumia mtu. Linamkwama katikati, anarudi mwanzo, analianza tena, na Mabukwe anatingisha kichwa kama yuko kanisani.

Mama Zuena yuko mlangoni anaita, "Mama Kaneza, mi naenda! Gari ya bandarini haingoji mapenzi yenu!" Nimemwambia dakika moja, mkono wake umekwisha shika ncha ya karatasi. Basi sikiliza, ukiwa bado botini ukasikia mtoto anaita jina lako pale ukingoni, na ukasikia limemkwama, wewe usiitike bado, hata kama machozi yamekujaa, umuache alifikishe mwisho mwenyewe, na akishalifikisha ndipo umuite na wewe lake, uchukue muda wako wote, hakuna atakayekuharakisha, tutakuwa tumesimama wote watatu tunakusubi